Mstari wa Nane

"Sura ya tisini, namba kumi na nane," nilisoma.

"Vipuri vya mashine za kusafisha damu," alijibu Nakala kutoka upande wake wa meza. "Kutoka asilimia kumi hadi sifuri."

"Sawa. Sura ya tisini na sita, namba tatu."

Nakala aliinamia orodha. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza na anakishusha polepole, midomo ikihesabu bila sauti. Alipofika chini akapanda tena juu, kana kwamba akihesabu kwa kurudi atapata jibu jingine.

"Dada, ziko nane."

"Najua."

"Tunaruhusiwa saba."

"Najua, Nakala. Nimekaa nayo tangu asubuhi."

Tunamwita Nakala kwa sababu hatupi karatasi. Kila barua iliyopita ofisini kwetu ana nakala yake, na ya nakala hiyo ana nyingine. Amebakiza miezi mitano astaafu, na ameshatangaza kwamba barua ya kustaafu ataiomba mbili.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili ya wizara, mwisho wa korido, kati ya stoo na choo cha wanaume. Niliingia humo kama mpiga chapa miaka ishirini na tatu iliyopita, na kitabu cha ushuru wa forodha nilijifunza kwa kukipiga chapa, kurasa mia nne, mara tatu, kwa sababu kila mara kilirudi na marekebisho. Mlangoni pameandikwa Sera ya Kodi. Kwa upande wa forodha, kibao hicho kimepitwa na wakati. Miaka kumi na miwili iliyopita nchi yetu na nyingine tano zilikubaliana kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa zote zinazotoka nje ya Jumuiya. Kitabu kikawa kimoja. Tangu hapo, tukitaka kutoza pungufu kwa bidhaa yoyote, tunaomba.

Tunaomba mara moja kwa mwaka, kwa barua moja, bidhaa saba tu. Barua inazungushwa kwa wenzetu watano, na kila mmoja ana siku kumi za kupinga. Asiyesema kitu amekubali. Akipinga hata mmoja, bidhaa hiyo imekwenda, na nafasi yake imekwenda nayo hadi mwaka ujao.

Barua ya mwaka huu ilitakiwa kuondoka kesho yake saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa nane kasoro.

"Kata wa chini," alisema Nakala, "kama siku zote."

Huo ndio utaratibu wetu. Haujaandikwa popote. Orodha hupangwa kwa kufuata namba za kitabu, kuanzia sura ndogo hadi kubwa, na ikizidi, rula inawekwa chini na wa mwisho anaondoka. Juu kabisa mwaka huu yalikuwa maziwa ya unga ya watoto. Yakafuata dawa ya kusafishia maji, mbolea, karatasi za daftari, nyuzi za vyandarua, vigae vya sakafu, na hivyo vipuri vya kusafisha damu. Wa nane, chini kabisa, ulisomeka hivi: nyuzi za plastiki, kwa ajili ya watengenezaji wa brashi.

Nilichukua rula. Nikairudisha mezani.

"Ngoja kwanza," nilisema.

Nakala alinitazama juu ya miwani. Katika miaka tisa tuliyokaa meza moja hajawahi kunisikia nikisema ngoja kwenye hatua hiyo. Lakini si mtu wa kuuliza. Alivuta droo akatoa chupa yake ya chai.

Kitu ambacho nilikuwa sijamwambia yeye wala mtu mwingine pale wizarani ni kwamba kati ya karakana tatu za brashi zilizobaki nchini, moja ni ya wifi yangu. Aliianzisha na kaka yangu. Kaka yangu alifariki mwaka mmoja na siku chache zilizopita, na yeye ameendelea nayo.

Simu yangu iliita nikiwa bado naitazama ile rula. Alikuwa yeye. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

"Wifi, mmekula?" aliuliza.

"Bado."

"Serikali inashinda na njaa halafu inatuambia makusanyo hayatoshi. Sasa mtakusanya na nguvu gani?"

"Sema, wifi."

"Nauliza tu, karatasi yetu imefika huko?"

"Imefika."

"Itapita?"

"Sijui."

"Hujui, au huwezi kusema?"

"Vyote viwili."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Wewe na marehemu mmetoka tumbo moja kweli. Ukimuuliza chai ina sukari, anakwambia onja."

Nilisikia mashine ya kutoboa ikilia nyuma yake, ikanyamaza.

"Wifi, sikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nina nyuzi za wiki tatu. Nikinunua tena kwa ushuru wa asilimia ishirini na tano, brashi yangu inakuwa ghali kuliko ile inayokuja kutoka ng'ambo ikiwa imekamilika. Mwenye jengo anataka kujua kama naendelea, kwa sababu kuna muuza simu anapataka. Nimemwambia asubiri barua yenu. Nilikuwa na watu kumi na wawili, mwaka jana nikawapunguza watano. Hawa saba waliobaki, kila nikitoka kuongea na simu, wananitazama mdomo."

"Nimekuelewa."

"Mwaka jana hatukujua ni nani aliyetufuta. Tuliambiwa tu kwamba haikuingia. Mimi simwombei mabaya, lakini Mungu anamjua."

Sikumjibu. Alidhani simu imekatika, akaita "wifi, wifi" mara mbili, halafu akakata.

Mimi ndiye niliyemfuta. Ilikuwa wiki ya pili baada ya mazishi, nimerudi kazini mapema kwa sababu nyumbani palikuwa na watu wengi mno. Orodha ilikuwa na bidhaa tisa. Niliweka rula, nikaondoa mbili za chini, na moja ilikuwa nyuzi za brashi. Siwezi kusema sikuona. Niliona, na nikajiambia kwamba nikisimamisha rula hapo nitakuwa nimempendelea ndugu, na kwamba utaratibu haumjui mtu. Nilijisikia mwadilifu kwa muda wa kama robo saa. Baadaye sikujisikia chochote, na mwaka ukapita.

Nilirudi mezani.

"Nakala, hizi barua za miaka ya nyuma unazo?"

Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. "Za mwaka gani?"

"Zote. Na rasimu zake, kabla hatujakata."

Alifungua kabati la chuma, akapiga goti moja, na kwa dakika ishirini alikuwa akitoa mafaili na kuyapuliza vumbi upande wangu. Tulizipanga mezani kwa mwaka. Mimi nilisoma, yeye akaandika. Sikuwa na nia ya kugundua jambo. Nilitaka tu kujua kama mwaka jana nilifanya kitu cha kawaida, nipate kupumua.

Nilikuta nilifanya kitu cha kawaida kabisa. Katika miaka tisa, mara saba orodha ilizidi. Mara zote saba tulikata kutoka chini. Bidhaa zilizokatwa zilikuwa kumi na moja, na tisa kati yake zilitoka sura ya tisini kwenda juu. Vifungo vya nguo, mara mbili. Kalamu. Vioo vya miwani ambavyo havijasuguliwa. Vifaa vya miguu ya bandia, mara mbili, mwaka baada ya mwaka. Zipu. Midoli ya watoto. Na nyuzi za brashi.

Nakala alilitazama jedwali lake kwa muda mrefu.

"Hakuna aliyewachukia watu wa vifungo," alisema.

"Hakuna."

"Ni kwamba tu walizaliwa mwisho wa kitabu." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Tungepanga kwa alfabeti?"

"Basi watu wa zipu wangekufa kila mwaka."

Hakucheka. Hata mimi sikuwa nimekusudia kuchekesha sana.

Mkurugenzi aliingia saa tisa na nusu, koti mkononi, macho mekundu. Alikuwa ametoka bungeni kumsindikiza waziri. Ni kijana kwetu, hajafika arobaini, na ananiita mama hata anapokuwa amekasirika. Aliweka mezani karatasi iliyokunjwa.

"Mama, hotuba hiyo. Waziri amesema asubuhi kwamba kodi za nchi hii zitapangwa na nchi hii na si na mwingine yeyote. Wamempigia meza dakika nzima. Sasa anataka maneno hayo yaonekane mwanzoni mwa barua yetu."

"Barua ya kuomba nafuu?"

"Hiyo hiyo."

Nakala alivuta karatasi safi akajaribu. "Serikali, kwa mamlaka yake kamili," alisoma huku akiandika, "inaomba kwa heshima iruhusiwe." Aliinua kichwa. "Hivyo, bosi?"

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mfupi, akajifuta uso kwa kiganja. "Andika vyovyote. Watakaoisoma wana mawaziri wao pia, wataelewa. Nipeni orodha."

Nilimpa. Alihesabu kwa macho. "Nane. Kata wa chini."

"Safari hii naomba tusikate wa chini, bosi."

Nilimwekea jedwali mbele yake. Alilisoma, na alipofika kwenye miguu ya bandia akarudi nyuma kuangalia miaka. Nilimwacha amalize. Nilijua kwamba nikinyamaza hapo, jedwali lile lilitosha. Alikuwa mtu wa haki akipewa nafasi, na mstari wa nane ungebaki bila mimi kutajwa. Nilijua pia kwamba siku moja mtu angejua karakana ile ni ya nani, na jedwali lote, na watu wa vifungo, na miguu ya bandia, vyote vingeonekana kuwa hila ya mama mmoja kumsaidia wifi yake.

"Kuna jambo jingine," nilisema. "Moja ya karakana hizo za brashi ni ya mke wa marehemu kaka yangu."

Nakala aliacha kuandika.

Mkurugenzi alinitazama, si kwa hasira. "Mama," alisema, "ungeninyamazia tu."

"Nilinyamaza mwaka jana. Nikaikata."

Aliegemea nyuma, kiti kikiyumba chini yake. Kwenye korido mtu alipita akiburuta ndoo.

"Sasa mstari huo huushiki tena," alisema hatimaye. "Kalamu ya mstari huo anayo Nakala. Nikiuweka wa brashi, lazima niondoe mwingine, na wa kuondoa ni vigae, hakuna mwingine. Na vigae vimekuja na barua yenye saini mbili kutoka ghorofa ya juu, mnaijua. Siwezi kwenda kule juu na brashi mkononi halafu siku ya tano jirani yetu wa mpakani apinge, tubaki na sita. Nitakuwa nimetupa vigae na brashi vyote. Jirani ana kiwanda cha nyuzi, si ndiyo?"

"Anacho."

"Basi nataka kujua kama atapinga. Kesho saa tatu nipeni jibu, niamue. Kuongea na huyo jirani hakuna mwingine anayeweza ila wewe, kwa hiyo piga, lakini Nakala asikie kila neno."

Alitoka akasahau koti.

Jirani tunayemsema ni mtu mmoja, ofisa wa kazi kama yangu katika wizara kama yetu, upande wa pili wa mpaka. Tumezungumza kwa simu miaka kumi na mmoja na sijawahi kumwona. Najua kwamba ana mafua ya kudumu, kwamba binti yake ni nesi, na kwamba akisema "tutaangalia" maana yake ni hapana.

Niliweka simu mezani kwa sauti ya wazi.

"Dada yangu," alisema. "Waziri wako ameunguruma leo. Tumemsikia mpaka huku."

"Na wa kwako je?"

"Wangu zamu yake Alhamisi."

"Niko na mwenzangu hapa, anasikia. Nakuuliza habari ya nyuzi za brashi."

Alipiga chafya mbali na simu. "Dada, hizo tutaangalia."

Nakala alinikodolea macho. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri.

"Usiangalie, kaka. Nieleze."

"Nikueleze nini? Kiwanda kipo, kina watu mia tatu na ushei, kilianza mwaka juzi kwa sababu ya hiyo ishirini na tano. Ile ishirini na tano ndiyo iliyowajengea paa. Ninyi mkishusha, nyuzi za ng'ambo zitaingia kwenu, na zikishaingia kwenu, kesho ziko kwetu. Nikikaa kimya watanishika shati. Na wao hawana kosa. Hata hao wako hawana kosa, usinielewe vibaya."

Wifi yangu huuza nusu ya brashi zake nchini mwa jirani huyu huyu, bila kulipa ushuru hata kidogo mpakani, kwa sababu ya makubaliano hayo hayo. Zamani lori lake lilikaa mpakani siku sita. Sasa linapita kabla dereva hajamaliza soda. Kila ninapotaka kusema kwamba tuligawa kitu chetu tukabaki mikono mitupu, nakumbuka lori hilo na kusitasita.

"Kiwanda chenu kinatengeneza nyuzi za aina zote?" niliuliza.

Nilisikia akifungua kitu, labda droo.

"Swali zuri," alisema. "Hapana. Hawashuki chini ya nusu milimita. Walijaribu nyembamba, zikawa zinakatika kama tambi. Mashine yao haiwezi."

"Kwa hiyo nikiandika nyuzi zisizozidi unene fulani..."

"Andika zisizozidi sifuri nukta nne. Hapo mimi sina la kusema, na wenye kiwanda hawana la kusema. Lakini uwe na vipimo, dada. Aina moja moja, na unene wake, kwa saini ya aliyepima. Ukiniletea maneno matupu nitalazimika kuuliza, na nikiuliza, hiyo ni pingamizi tayari."

"Na zilizo nene?"

"Nene wanunue kwetu," alisema, akapenga kamasi. "Si ndiyo maana ya Jumuiya?"

Tulipokata simu, Nakala alikuwa ameandika kila neno, pamoja na chafya.

Tulifika karakanani saa kumi na moja kasoro. Nakala ndiye mwenye kalamu, kwa hiyo alitangulia kuingia, na mimi nikamfuata nikibeba faili. Ni chumba kirefu nyuma ya jengo la maduka. Upande wa kulia zimepangwa mbao za migongo ya brashi, zikiwa zimeshakatwa na bado hazijatobolewa. Katikati kuna mashine mbili za kutoboa, halafu ile ya kushindilia nyuzi kwenye matundu kwa waya, halafu mkasi mkubwa wa kusawazisha. Vumbi la mbao na vipande vya nyuzi vimelala kwenye kila kitu, hata kwenye kope za watu.

Wifi alikuwa kwenye mkasi. Alipotuona alizima mashine, na wale saba wakazima zao moja baada ya nyingine.

"Mmekuja wawili," alisema. "Nimezoea serikali ikija na habari njema inatuma mmoja."

"Habari bado, mama," alisema Nakala. "Tumekuja kupima."

Alimweleza. Wifi alisikiliza huku akipangusa mikono kwenye aproni, na hakuniangalia ila mara moja tu, alipotajwa yule jirani.

"Sifuri nukta nne," alisema. "Nina aina kumi na nne. Za vyoo na za sakafu ni nene, hizo hata sasa nazichukua kwao, na ni nzuri, sisemi uongo. Za kupangusia nguo, za viatu, za chupa za watoto, hizo nyembamba. Katikati hapo sijui. Sijawahi kupima. Mimi napima kwa shavu." Alichukua uzi mmoja akaupitisha shavuni kutuonyesha. "Hii ni ya viatu."

"Jirani hatakubali shavu," alisema Nakala.

"Hajaliona."

Nakala aliinama kwenye faili lake kwa ghafla, na wale mafundi wakacheka kwa mara ya kwanza.

Kipimo kilikuwepo, kidogo cha chuma, cha kubana kwa skrubu, kilikuwa cha kaka. Nyuzi zilikuwa mafungu marefu kama mkono, yamefungwa karatasi ya kaki. Tulikubaliana kwamba kila aina itapimwa nyuzi tano, kila uzi mara tatu. Wifi atatoa nyuzi, mimi nitasoma kipimo kwa sauti kwa sababu Nakala haoni tarakimu ndogo, Nakala atahakikisha kwa lenzi kisha ataandika na kutia saini. Kazi ilianza vizuri. Nguo, sifuri nukta mbili tano. Viatu, sifuri nukta tatu. Chupa, sifuri nukta mbili. Ya vyoo ilizidi kikomo kwa mbali.

Ilipofika aina ya sita Nakala alitoka nje kumpigia mkewe kwamba atachelewa. Tukabaki wawili na lile fungu kati yetu.

"Wifi," nilisema. "Mwaka jana aliyewafuta ni mimi."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anachomoa nyuzi tano, akazichomoa zote tano, akazilaza mezani sambamba.

"Ulijua ni sisi?"

"Nilijua."

"Marehemu alikuwa na siku ngapi kaburini?"

"Kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuonekana nakupendelea."

"Kuonekana na nani?"

"Hakuna aliyekuwa anaangalia," nilisema.

Alikaa vile, viganja vimelala kando ya nyuzi. Nilimwona akipitisha macho kwenye mashine tatu zilizofunikwa turubai upande wa kushoto, zile za watu watano walioondoka. Nilidhani ataniambia nitoke. Ningetoka.

Nakala alirudi. Wifi akasogeza nyuzi upande wake.

"Mwambie wifi yangu asome," alimwambia.

Nakala alinitazama, akamtazama yeye, akashika kalamu. "Dada, soma."

"Sifuri nukta tatu tisa," nilisoma.

"Mwambie arudie."

Nilirudia. Sifuri nukta nne moja. Mara ya tatu, sifuri nukta nne kamili. Huu ulikuwa uzi wa brashi za kufulia, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi kuvuka mpaka, na kila mmoja wetu pale alilijua hilo. Tulipima nyuzi zote tano. Mbili zilipita, mbili zilizidi kwa unywele, moja ilikataa kukaa upande wowote. Nakala aliandika zote kama zilivyo.

"Ningeweza kuchagua nyuzi tano nyingine," alisema wifi, kama anayejisemea.

"Ungeweza," alisema Nakala.

Hakuchagua. Alilisukuma fungu pembeni, akavuta la saba.

Tuliendelea hivyo, yeye akisema na mimi kupitia kwa Nakala, mwambie ashike taa, mwambie amebana sana, mwambie asome taratibu, sisi si mashine. Mafundi waliaga mmoja mmoja. Kila aliyeaga alitupia jicho karatasi ya Nakala kwanza. Shingo iliniuma na tarakimu zilianza kuogelea. Tulipomaliza la tisa, mlinzi wa jengo alikuja na funguo akasimama mlangoni, na alipoona hatuondoki akaanza kuzifungua na kuzifunga kufuli za maduka ya jirani kwa kelele.

"Anafunga saa kumi na mbili na nusu," alisema wifi. "Hata rais hawezi kumwongeza dakika."

Zilikuwa zimebaki tano. Nakala alihesabu kwa sauti muda uliobaki asubuhi. Kutoka hapa hadi wizarani ni nusu saa. Mkurugenzi saa tatu. Aina tano, kwa mwendo wa leo, karibu saa nzima. Na bado hatujaamua tuandike nini kuhusu brashi za kufulia, kama ni ndani ya kikomo au nje, au kama nimpigie jirani alfajiri nimwombe sifuri nukta nne tano, ambayo huenda akasema tutaangalia.

"Njoo saa moja kamili," wifi alimwambia Nakala. "Nitakuwa nimefungua."

"Nitakuja peke yangu, mama? Kama unaona ni afadhali."

Wifi alikuwa anafunga kipimo kwenye kitambaa chake. Alichukua muda na fundo.

"Wewe huoni tarakimu," alisema. "Uje naye."

Nakala aliandika kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, moja chini ya nyingine, akaacha nafasi mbele ya kila namba, akaweka karatasi kwenye faili. Mimi nilimsaidia wifi kurudisha mafungu tisa kwenye rafu na kuyaacha matano juu ya meza, tusiyatafute asubuhi. Mlinzi alizima taa ya nje.